Kuhesabu Alama Katika Sueca: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sueca ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili. Unachezwa Ureno, Brazil, Angola na kwa majirani zetu wa Msumbiji. Mswahili aliyezoea michezo ya turufu hapati shida kuingia: kopa, uru, pau na shupaza ni zilezile, na turufu ni turufu. Kinachowakwamisha wengi ni hesabu. Mtu anakula mizunguko (mzunguko ni karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji), anajiona kashinda, kisha karata zinahesabiwa na anaambiwa kafungwa. Maswali yaliyo hapa chini ni yale wanayouliza wanaoanza, na karibu yote yanahusu alama. Nayapa uzito kwa sababu katika Sueca hesabu ndiyo inayokuambia utupe karata gani na ushike ipi. Asiyeijua anacheza gizani.

Naanza kabisa. Mchezo wenyewe unakwendaje?

Kwa ufupi tu, ili hesabu zieleweke. Chukua karata za kawaida 52, toa nane, tisa na kumi zote. Zinabaki 40. Wenza hukaa wakitazamana. Kila mtu anapewa karata 10, na karata moja ya mgawaji inafunuliwa: aina yake ndiyo turufu ya mgao huo. Mchezo unazunguka kwa upande wa kulia, na aliye kuliani kwa mgawaji ndiye anayeanza. Ukiwa na aina iliyoanzishwa, lazima uitoe. Ukiwa huna, tupa yoyote, na hulazimiki kukata kwa turufu. Mzunguko unaliwa na turufu kubwa kuliko zote zilizotoka. Kama hakuna turufu, unaliwa na karata kubwa ya aina iliyoanzishwa. Aliyekula ndiye anayeanzisha mzunguko unaofuata, na mizunguko yote ni 10.

Alama ni nini, na bao ni nini? Naona watu wanazichanganya.

Tofauti hii ndiyo mlango wa kila kitu. Alama ziko kwenye karata. Bao linaandikwa kwenye karatasi. Katika kila mgao mnahesabu alama za karata mlizokula, na jumla hiyo inaamua nani anaandika bao na mabao mangapi. Baada ya hapo alama zinafutika. Mgao mpya unaanza na sifuri, na kinachobaki ni mabao. Aliyeshinda kwa alama 61 na aliyeshinda kwa alama 88 wote wanaandika bao moja.

Karata zipi zina alama?

Katika kila aina ni tano tu. Ree ina 11, seti (yaani saba) ina 10, mfalme ana 4, ghulamu ana 3 na bibi ana 2. Sita, tano, nne, tatu na mbili hazina kitu.

Kwa nguvu za kula, mpangilio ni huohuo: ree, seti, mfalme, ghulamu, bibi, kisha sita, tano, nne, tatu, mbili. Watu hukosea sehemu mbili. Kwanza, seti inamla mfalme. Pili, ghulamu anamla bibi, na anamzidi kwa alama moja. Mtu aliyetoka kwenye michezo ambayo bibi yuko juu ya ghulamu ajizoeze hili mpaka limkae, kwa sababu hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kama utakavyoona chini.

Kwa nini mshindi ni 61?

Jumlisha aina moja: 11 na 10 ni 21, ongeza 4, 3 na 2, unapata 30. Aina ziko nne, kwa hiyo karata zote zina alama 120. Nusu yake ni 60. Anayepita nusu kwa alama moja ndiye mshindi, naye ana 61.

Namba 120 ishike vizuri, maana itakufaa kila mgao. Ukijua mna 73, wapinzani wana 47 bila kugusa karata zao.

Tumekula mizunguko saba, wao mitatu. Imekuwaje wameshinda wao?

Swali hili linaulizwa kuliko mengine yote, na mara nyingi kwa uchungu. Katika Sueca hatuhesabu mizunguko. Tunahesabu kilichomo ndani yake. Kati ya karata 40, ishirini kamili hazina alama, na mizunguko inaweza kupita mitupu kabisa: mtu anakula sita, tano, tatu na mbili, anazikusanya kwa furaha, na hajaongeza hata alama moja.

Tazama mizunguko miwili. Turufu ni pau. Wa kwanza anaanzisha sita ya kopa, wa pili anatoa nne ya kopa, wa tatu mbili, wa nne tano. Wa kwanza amekula, na amepata sifuri. Mzunguko unaofuata anaanzisha seti ya uru. Wa pili hana uru, anakata kwa nne ya pau. Wa tatu anatoa bibi wa uru. Wa nne ana uru moja tu mkononi, nayo ni ree, kwa hiyo analazimika kuitoa. Hesabu: 10, sifuri, 2 na 11. Alama 23 zimechukuliwa na nne ya pau, karata isiyo na thamani yoyote yenyewe. Kila upande una mzunguko mmoja. Upande mmoja una sifuri na mwingine una zaidi ya theluthi ya safari ya kufika 61.

Ukitaka kuona mwisho wa jambo hili: mzunguko mmoja ukikusanya ree zote nne una alama 44, na mwingine ukikusanya seti zote nne una 40. Ni nadra mno, lakini kanuni zinaruhusu. Mizunguko miwili imetoa alama 84, na aliyekula ile minane iliyobaki amefungwa.

Turufu ina alama zaidi?

Hapana. Ree ya turufu ni 11 kama ree nyingine, na mbili ya turufu ni sifuri. Turufu inaongeza nguvu ya kula, basi. Karata iliyofunuliwa na mgawaji ni yake, iko mkononi mwake, na itahesabiwa kwa atakayeila kama karata nyingine zote.

Mgao umekwisha. Tunahesabuje bila kugombana?

Njia nzuri ni kupanga kabla ya kujumlisha. Fungueni karata zenu, wekeni kando zile tupu, kisha pangeni zilizobaki kwa mafungu: ree pamoja, seti pamoja, wafalme, maghulamu, mabibi. Anzeni na kubwa.

Tuseme upande wenu una ree tatu, seti mbili, wafalme wawili, ghulamu mmoja na mabibi watatu. Ree ni 33. Seti ni 20, tuko 53. Wafalme ni 8, tumefika 61, na hapo tayari mmeshinda. Ghulamu 3, ni 64. Mabibi 6, ni 70.

Sasa wapinzani nao wahesabu zao, msiwahesabie kwa kutoa tu. Wana ree moja, 11. Seti mbili, 31. Wafalme wawili, 39. Maghulamu watatu, 48. Bibi mmoja, 50. Sabini na hamsini ni 120, hesabu imefunga. Najua meza nyingi huhesabu upande mmoja na kuridhika. Mimi nashikilia kuhesabu pande zote mbili, hasa kukiwa na mgeni anayejifunza, kwa sababu kuona namba mbili zikikutana kwenye 120 kunamfundisha kuliko maelezo.

Kuna njia za mkato. Ree na seti zikikaa pamoja ni 21. Mfalme, ghulamu na bibi pamoja ni 9. Ree tatu na seti tatu ni 63, kwa hiyo ukiziona sita hizo kwenye fungu lenu hamna haja ya kuendelea kujua mmeshinda, mnaendelea ili kujua kwa kiasi gani. Picha zote kumi na mbili za mchezo ni 36 tu, hazimshindishi mtu peke yake. Ree zote nne peke yake ni 44, nazo hazitoshi.

Jumla yetu haifiki 120. Kosa liko wapi?

Tazameni upungufu. Zikipungua 10 au 11, kuna seti au ree imelala kwenye fungu la karata tupu, na mara nyingi ni seti, kwa kuwa macho yanaizoea kuiona kama namba ndogo tu. Zikipungua 2, 3 au 4, kuna picha imesahauliwa. Zikizidi, mtu amehesabu kitu mara mbili. Angalieni pia sakafuni na chini ya sahani ya kahawa.

Jumla ikifika 120, basi hesabu ni sahihi?

Si lazima, na hapa naomba usome polepole. Likosewe kosa lilelile pande zote mbili, 120 itatoka vilevile.

Chukua mgao huu. Upande wa kwanza una ree mbili, seti mbili, wafalme wawili, ghulamu mmoja na mabibi watatu. Upande wa pili una ree mbili, seti mbili, wafalme wawili, maghulamu watatu na bibi mmoja. Kila upande una 50 kabla ya maghulamu na mabibi. Hesabu sahihi: wa kwanza anaongeza 3 na 6, anapata 59. Wa pili anaongeza 9 na 2, anapata 61 na anashinda.

Sasa tuseme meza nzima imezoea kwamba bibi ni 3 na ghulamu ni 2. Wa kwanza anaongeza 9 na 2, anapata 61. Wa pili anaongeza 3 na 6, anapata 59. Jumla bado ni 120, kila mtu ameridhika, na bao limeandikwa kwa aliyefungwa.

Tukifungana 60 kwa 60?

Hakuna bao. Mgawaji mwingine anagawa na mchezo unaendelea. Ziko meza ambazo mgao unaofuata baada ya sare hubeba bao la nyongeza. Kama mnapenda hivyo, semeni kabla ya kugawa karata ya kwanza.

Ni lini tunaandika bao moja, mawili au manne?

Ukipata kuanzia 61 hadi 90, bao moja. Ukipita 90 bila kula mizunguko yote, mabao mawili. Mkila mizunguko yote kumi, mabao manne. Wareno huita ushindi wa kupita 90 capote, na ule wa mizunguko yote bandeira, yaani bendera, na meza nzima hushangilia au hunyamaza kutegemea umekaa upande gani.

Kutokana na ngazi hizi mchezo hauishi unapofika 61. Aliyefika 61 anaitazama 91. Aliyeshindwa anatafuta 30 za kujinusuru. Nimeona migao mingi ambayo dakika zake kali kuliko zote ni za mwisho, wakati ushindi umeshajulikana na kinachopiganiwa ni bao la pili.

Tumepata 30 kamili. Tumefungwa bao moja au mawili?

Moja. Wao wana 90, na 90 haijapita 90. Mngepata 29, wao wangekuwa na 91 na wangeandika mawili.

Nalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu walio Ujerumani, au waliojifunza Skat huko, huja na kanuni tofauti. Skat nayo ina alama 120 na inataka 61, lakini kule 90 inatosha kwa ngazi ya juu, na mwenye 30 amefungwa vibaya. Alama ni zilezile, mpaka uko sehemu nyingine. Ukihama meza, hamia na kanuni za meza hiyo.

Tumepata alama zote 120 lakini wametuandikia mabao mawili. Wametuonea?

Hawajawaonea kama walikula mzunguko hata mmoja. Mzunguko wa tano, nne, tatu na mbili hauna alama, kwa hiyo wanaweza kuula na bado nyinyi mkabaki na 120. Mabao manne yanataka mizunguko yote kumi, siyo alama zote. Ndiyo maana mchezaji mzuri aliyelemewa haachi kutafuta japo mzunguko mmoja, hata mtupu. Mzunguko huo unaokoa mabao mawili.

Mchezo mzima unaisha lini?

Upande wa kwanza kufikisha mabao manne ndio mshindi. Kama mna matatu na mkapata mawili, mmemaliza. Lile la ziada halibebwi kwenda mchezo unaofuata. Bendera moja, yaani mizunguko yote kumi, inamaliza mchezo kwa mgao mmoja.

Kwa kuandika, gawa karatasi katikati kwa mstari, upande wenu na upande wao, na piga kijiti kimoja kwa kila bao. Aandike mtu mmoja, na wote wanne waone.

Nimetoa karata ya aina nyingine kumbe ile iliyotakiwa ninayo. Adhabu ni nini?

Wareno huliita kosa hili renúncia, nalo ni zito kuliko yote. Uru imeanzishwa, una uru mkononi, ukatupa kopa au ukakata kwa turufu. Wapinzani wakikushtaki, mizunguko iliyoliwa inafunuliwa na kukaguliwa. Ikithibitika, upande wako unafungwa mabao manne, yaani mchezo wote. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba aliyeshtaki bila kosa kuwepo naye anabeba adhabu hiyohiyo, kwa hiyo watu hawashtaki kwa kubahatisha.

Wengine huona adhabu ni kali mno kwa anayejifunza. Nakubaliana nao kwa wiki za mwanzo: mrudishie karata yake, mzunguko uchezwe upya. Lakini akishazoea, kanuni ifuatwe. Hesabu yote ya Sueca imejengwa juu ya imani kwamba mtu aliyekosa kutoa uru kweli hana uru. Imani hiyo ikivunjika, hakuna wa kuhesabu chochote.

Nitajuaje alama zetu wakati mchezo unaendelea? Karata zilizoliwa zimefunikwa.

Kwa kichwa, na hakuna njia nyingine. Kuandika alama katikati ya mgao hairuhusiwi, wala kufunua karata za mizunguko iliyopita ili kujikumbusha.

Wanaoanza hujaribu kukumbuka kila karata na kuchoka kwenye mzunguko wa nne. Usianze hivyo. Anza na karata kubwa nane tu: ree nne na seti nne. Zina alama 84 kati ya 120, kwa hiyo anayejua zimekwenda wapi anajua sehemu kubwa ya mgao. Mzunguko ukiisha, jiulize: imetoka ree gani, imetoka seti gani, na imekwenda kwa nani?

Hilo likikaa, ongeza hesabu ya upande mmoja. Chagua upande wenu, na kila mnapokula jumlisha palepale kabla karata hazijafunikwa: “kumi na nane... ishirini na mbili... thelathini na tatu.” Usihesabu pande mbili kwa wakati mmoja. Karata zikibaki chache, jumlisha zile zenye alama ambazo hazijatoka, toa kwenye 120 pamoja na zenu, na unaipata hesabu yao.

Mwisho kabisa ndipo utakapoanza kuhesabu turufu. Kila aina ina karata 10 tu. Ukiwa na turufu tatu mkononi na tano zimeshatoka, ziko mbili nje, na mara nyingi mwenendo wa mchezo utakuonyesha nani anazo.

Mwenzangu anakula mzunguko. Nimtilie karata yenye alama au niishike?

Mtilie, kama una hakika mzunguko ni wake. Tuseme ameanzisha ree ya kopa na wewe una mfalme wa kopa na tatu ya kopa. Ni mara ya kwanza kopa kuchezwa. Karata za kopa ni 10 na wachezaji ni wanne, kwa hiyo yaelekea kila mtu ana japo moja, na hatari ya kukatwa kwa turufu ni ndogo. Toa mfalme, hizo ni alama 4 salama. Kopa ikianzishwa mara ya pili au ya tatu, shika mkono wako kwanza. Wengine wameishiwa, na mfalme uliyemtilia mwenzako anaweza kwenda kwa mbili ya turufu.

Seti ichezee kwa uangalifu mkubwa. Ukianzisha seti wakati ree yake haijatoka, unamkaribisha mwenye ree aondoke na 21 kwa mkupuo. Kumbuka pia kwamba alama 10 ulizowapa wapinzani zimeondoka kwako na kuongezeka kwao, kwa hiyo pengo linabadilika kwa 20. Anayelielewa hili hachezi seti mapema kwa kujionyesha.

Ila hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako una nini, si kwa mdomo wala kwa jicho.

Nimekaa meza moja na watu wa Msumbiji, wakasema “rei” nikadhani wanasema ree. Nimekosea?

Kwao rei ni mfalme, karata ya alama 4. Ree yetu ya 11 wao wanaiita ás. Mkihesabu pamoja, onyesheni karata badala ya kuitaja, la sivyo mtatofautiana kwa alama saba kila mara.

Sueca ni sawa na wahedi wa sitini?

Jina la wahedi wa sitini linataja lengo lilelile la 61, na anayeuzoea hatashtuka akisikia nusu ya 120. Lakini usichukue desturi za barazani kwenu ukadhani zitafuatwa kwenye meza ya Sueca, hasa kuhusu lazima ya kutoa aina iliyoanzishwa na kuhusu mabao ya 91. Uliza kwanza.

Nje ya Pwani ndugu wa mchezo huu ni wengi. Italia wana briscola, Hispania wana brisca, na zote zina alama 120 zenye ngazi za 11, 10, 4, 3 na 2. Kule karata ya alama 10 ni tatu badala ya saba.

Tuko wawili tu. Hesabu inabadilika?

Sueca inataka wanne. Mkiwa wawili chezeni bisca ya Kireno: thamani za karata hazibadiliki, na mshindi bado ni mwenye 61. Mnashika karata chache na kuokota nyingine kwenye fungu kila mzunguko. Ni darasa zuri la kuzoea ree, seti na picha kabla ya kukaa na mwenza anayekutegemea.

Kuna mazoezi ya kujipima?

Yapo matatu. Jaribu kabla ya kusoma majibu.

La kwanza: mmekula mizunguko minne, na humo mna ree mbili, seti moja, wafalme watatu, maghulamu wawili na bibi mmoja. Nani kashinda, na kwa mabao mangapi?

La pili: mna ree tatu, seti zote nne, wafalme wawili na maghulamu watatu, bila bibi hata mmoja. Mnaandika mabao mangapi?

La tatu: imebaki mizunguko miwili. Upande wenu una 48. Karata zenye alama ambazo hazijatoka ni seti ya uru, mfalme wa uru na bibi wa kopa. Mnahitaji nini ili mshinde?

Majibu. La kwanza: 22, 32, 44, 50, 52. Wao wana 68, wanaandika bao moja. La pili: 33 na 40 ni 73, wafalme 81, maghulamu 90. Ni bao moja, mmekosa la pili kwa alama moja. La tatu: zilizobaki nje ni 16, kwa hiyo wapinzani wana 56. Ninyi mnahitaji 13. Mkipata seti na mfalme mnafika 62 na mmeshinda, bibi aende kokote. Mkipata seti na bibi bila mfalme mnafika 60, nao wanafika 60, hakuna bao. Seti ikiwaponyoka, wana 66, na mfalme na bibi hawawasaidii kitu. Kwa hiyo kwanza muilinde seti, kisha mumtafute mfalme.